Magauni ya Ngumi

Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Ngumi. Alipofungua chumba chake cha ushonaji, aliliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: NGUMI, FUNDI WA NGUO ZA KIKE. Shangazi yake alipoliona, alinuna njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tangu kuzaliwa, misuli ya mkono wa kushoto wa Ngumi imekaza. Kiwiko kimejikunja, vidole vimefumba, na akishtuka, au kukiwa na baridi, hufumba zaidi. Kila asubuhi huuloweka kwenye maji ya uvuguvugu na kuunyoosha taratibu, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo hospitalini. Kisha huulaza juu ya kitambaa, nao hukibana mezani kuliko jiwe, huku wa kulia ukikata.

Shangazi ndiye aliyemlea akamsomesha, na katika hilo hana deni kwa mtu. Lakini kila gauni alilomnunulia lilikuwa la mikono mirefu, na ule wa kushoto aliuongeza kitambaa hadi ukafunika vidole. Wageni wakibisha hodi, Ngumi alipewa mto aupakate.

Ikafika harusi ya kaka yake. Ngumi akapewa kazi ya kushona magauni ya zambarau ya wanawake wote wa familia. Alipokuwa akimpima Shangazi, aliambiwa, "Kwenye picha ya pamoja utasimama nyuma, mwanangu. Wakwe zetu unawajua midomo yao."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma yangu. Kwani mimi mwembamba?"

"Tulia, Shangazi, nisije nikakupunja kiuno."

Kama fundi yeyote, aliyaleta magauni asubuhi ya harusi yenyewe, watu wameshaoga. Yalipokunjuliwa kitandani, wanawake wakainama kuyatazama. Kila gauni, mkono wa kulia ulifika kwenye kifundo. Wa kushoto ulikatwa juu ya kiwiko.

"Kitambaa kilikwisha?" binamu yake akauliza.

"Kimebaki."

"Basi umekosea."

"Yote? Nimeyakata hivyo kwa makusudi. Asiyelitaka avae la zamani."

Shangazi akakaa kitandani. "Unataka kutuaibisha."

"Nataka kuonekana. Picha ya kaka yangu nitasimama mbele na mkono wangu, au sitakuwemo kabisa."

La zamani hakuna aliyelitaka. Wakavaa.

Ukumbini, mama wa bibi harusi aliwapima kwa macho toka juu hadi chini. "Mkwe, hayo magauni yameliwa na panya?"

Vidole vya Ngumi vikakaza mpaka kucha zikamuuma kiganjani. Shangazi akanyoosha shingo. Familia yake aliweza kuisema yeye. Mtu wa nje, thubutu.

"Ndivyo wanawake wa nyumba yetu tunavyovaa, mkwe. Ameshona huyu, binti yetu. Ukitaka la kwako uwahi, ana wateja wengi."

Akamshika Ngumi bega, akamsogeza mstari wa mbele, pembeni ya kaka yake.

"Dada, fungua vidole kidogo," mpiga picha akasema.

"Havifunguki," Ngumi akajibu. "Wewe piga."

Picha hiyo iko sebuleni kwa Shangazi, ukutani, mkabala na mlango. Na ule mto wa wageni siku hizi anauegemea mwenyewe. Anasema mgongo unamsumbua.