Mwanamke wa Kituo cha Mbali

Nilipokuwa mdogo, kule Sikonge, wageni wakibisha hodi nilikuwa natoa shikamoo, napokea marahaba, kisha napotelea jikoni. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakupenda. "Huyu mtoto ana kiburi au anaumwa?" alimuuliza mama, nami nasikia. Mama akaamini naumwa. Jumapili moja alinipeleka mbele kanisani niombewe nifunguke ulimi. Nilifumba macho kwa aibu mpaka ibada ikaisha.

Nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni Tabora mjini, mwalimu wa maktaba alinikuta nimejibanza nyuma ya rafu wakati wenzangu wako kwenye mdahalo. Hakunifukuza. Alinipa riwaya, akasema, "Soma hii. Humo kuna mtu mnafanana."

Ilimhusu mwanamke aliyeishi peke yake kituoni, kwenye sayari ya mbali, kazi yake kusikiliza mawimbi ya redio kutoka angani. Chombo kilipokuja kumchukua, waliokuwemo walimwonea huruma. Yeye aliwaandalia chai, akawaambia hakuwa mpweke, alikuwa kazini. Hapo nilifunga kitabu nikalia. Sikuwahi kukutana na mtu mkimya ambaye mwandishi hakutaka kumponya.

Likizo ile, tukipanga majani ya tumbaku kwa madaraja, mama aliniuliza nasoma nini siku hizi. Nikamsimulia kitabu kizima. Mama aliacha kupanga.

"Kwa hiyo wewe huumwi?"

"Siumwi, mama. Napenda kusikiliza tu."

Alishika jani moja, akaligeuzageuza. "Mimi nilipoolewa hapa, watu walijaa nyumba nzima," alisema taratibu. "Nilikuwa naingia kwenye bani la kukaushia tumbaku, nasema naangalia moto. Moto wenyewe umeshazimika. Nataka tu kukaa."

Kisha akasema, "Unisamehe kwa siku ile ya kanisani."

Shangazi alipokuja tena na kuuliza kama bado siongei, mama alimjibu bila kuinua macho, "Anaongea. Na mimi."

Sasa nafanya kazi maabara, hapa Tabora, nashinda na hadubini. Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea, akaniomba nimsomee riwaya yoyote ya anga. Nilisoma sura mbili, akasinzia begani kwangu. Niliendelea kusoma, kwa sauti ya chini.