Mama Sabuni

Gereji nzima ilimwita kaka yangu Fundi Dashibodi, na sifa zote zilikuwa zake. Ukimpelekea gari lililopauka ndani kwa jua, plastiki za milango zimechakaa na pa kuegemeza mkono pamekuwa peusi kwa jasho la watu, alikurudishia kama limetoka kiwandani leo. Wenye magari walimpa mkono, wakaondoka. Mkewe, wifi yangu, hakuna aliyempa mkono. Wake ulikuwa na povu wakati wote, ndiyo maana mafundi wakamwita Mama Sabuni.

Mimi niliuza chai pale getini, kwa hiyo sisimuliwi. Rangi haishiki kwenye plastiki yenye mafuta, na watu wanapenda kupaka dashibodi zao mafuta ya kung'arisha mpaka nzi akitua anateleza. Kuyatoa hayo ilikuwa kazi ya wifi. Alisugua kila kipande kwa brashi na sabuni, akapiga msasa, akafuta kwa kitambaa chenye tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, kisha akamwagia maji. Yakijikusanya matone matone, anarudia. Yakitandaa vizuri, anamwita mumewe: "Njoo uchukue sifa zako, kazi nimeshamaliza." Mteja akizidisha kumsifu kaka, wifi alipita na ndoo yake akinong'ona, "Mgema akisifiwa..." Kaka alicheka tu. Alijua rangi yake inadumu kwa sababu ya nani.

Walifanyia kazi kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Waliufunga kwa ajili ya vumbi: chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi, kipande kizima kinarudiwa. Ndivyo walivyofundishwa, ndivyo walivyofanya miaka yote, na mvuke wa rangi na tina ukabaki humo humo pamoja nao. Wifi alipoanza kukohoa tulisema ni mafua. Nikamtania, "Wifi, unakohoa kama lori bovu, utanifukuzia wateja." Akanijibu, "Wateja wa chai yako? Hao walikimbia siku ile ile walipoionja."

Daktari alisema mapafu yameharibika na hayatarudi kama zamani. Asikaribie tena rangi wala tina, hata harufu yake. Wifi akabaki nyumbani, nami nikaacha chai nikamuuguze, maana hawakujaliwa watoto. Kaka angefanya nini? Kazi aliyoijua ni hiyo moja. Akajiwekea sheria. Akirudi, haingii ndani. Anavua nguo za kazi uani, anaoga huko huko, anajisugua kwa jiwe na sabuni ya kufulia mpaka ngozi inachubuka. Hata nywele alinyoa, kwa kuwa harufu hukaa kwenye nywele. Na bado siku nyingine akiinama kumsalimu mkewe, kikohozi kinamshika wifi, na kaka anarudi kinyumenyume kama mwizi. Mwisho akahamishia godoro sebuleni.

Wifi hakulalamikia maumivu. Alilalamikia godoro.

"Wifi, kaka yako ananiogopa," aliniambia.

Nikamwambia si woga, ni mapenzi.

"Basi hayo mapenzi yaje karibu. Mimi sitapona, tusidanganyane. Sitaki kufa nimeshika shuka. Nataka kumshika yeye."

Nilimfikishia kaka maneno yale kama yalivyo. Akainamisha kichwa. "Dada, si unamwona anavyokosa pumzi kwa sababu yangu? Mimi ndiye niliyemwingiza chumba kile." Tangu hapo akawa anaoga kwa muda mrefu zaidi.

Siku yenyewe, pumzi za wifi zilianza kuwa fupi tangu asubuhi. Mchana nikampigia kaka simu, akaja mbio kutoka gereji. Nikasikia hatua zake zikisimama uani. Kisha nikasikia ndoo. Sikuamini masikio yangu.

Wifi naye alisikia. Akafungua macho. "Mwambie aje hivyo hivyo," akasema.

Nikatoka hadi mlangoni. "Kaka, njoo! Njoo kama ulivyo, ndivyo anavyotaka!"

"Nikiingia hivi nitammaliza." Alikuwa akilia, povu limemfika mabegani, rangi ya kijivu bado imeganda kwenye vidole. "Ngoja kidogo tu. Mwambie nakuja."

Nilimkasirikia, Mungu anajua. Nilitamani kumburuta. Nikarudi kumshika wifi mkono, nikamwambia anakuja. Aliukaza mkono wangu, akaugeuza, akaupapasa vidole, akajua si wa mumewe. Hata hivyo hakuuachia. Baadaye kidogo akauachia.

Kaka aliingia akiwa safi, maji yakimchuruzika, hana harufu yoyote ila ya sabuni. Akapanda kitandani, akamkumbatia mkewe kwa nguvu, na mkewe hakukohoa.