Mparachichi Juu ya Bati

Nyumba yetu ya zamani iliezekwa kwa nyasi, na mparachichi wa bibi ulikuwa umeiinamia tangu kabla sijazaliwa. Tunda likidondoka juu ya paa hukusikia kitu. Lilizama kwenye nyasi likakaa humo mpaka likaiva, na baba akipanda kuziba panapovuja alishuka na kitoweo. Bibi, mama yake baba, alipewa kokwa la mti huo na masista wa misheni mwaka alioolewa. Mwenyewe alisema ndicho kitu pekee pale nyumbani ambacho hakijawahi kumjibu vibaya. Alikuwa akiyasema hayo sote tukiwepo.

Kisha likaja soko huria. Kahawa ambayo zamani tuliipeleka ushirika na kusubiri malipo mpaka tunasahau tunasubiri nini, sasa wanunuzi binafsi waliifuata kwa magari hadi mlimani kwetu. Msimu ule wa kwanza watu walinunua redio na baiskeli, na jirani mmoja alioa mke wa pili. Baba alinunua mabati. Alisema abiria wa basi la kutoka Kitai waliiona nyumba yetu inang'aa kabla hawajauona mji wa Mbinga. Nimepanda basi hilo mara nyingi na sijawahi kuiona, lakini yeye hakuwa mtu wa kubishiwa.

Katika furaha hiyo hakuna aliyeukumbuka mparachichi. Tunda la kwanza lilianguka tukiwa tunakula mchana. Mama aliangusha mwiko. Baba, ambaye aliwahi kupitia mafunzo ya mgambo, alilala kifudifudi karibu na bakuli la maharage. Paa lilipoacha kulia tukasikia sauti ya bibi kutoka katika chumba chake, ambacho kilikuwa chini kabisa ya lile tawi kubwa.

"Karibu," alisema.

Masikio yake yalikuwa mazima. Alisema tu kwamba anayebisha hodi hujibiwa, na tangu siku hiyo kila parachichi lililotua juu ya bati lilikaribishwa. Baba alitoka nje, akapanda ngazi, akakuta bati limebonyea. Alishuka uso umekunjamana.

"Mama, huu mti itabidi tuukate."

"Haya, mwanangu. Ila mlete padri kwanza, anipake mafuta ya wagonjwa. Akishamaliza, ukate."

Baba hakuwa tayari kumzika mama yake kwa ajili ya bati, wala kupoteza bati kwa ajili ya parachichi. Suala likapelekwa kwenye sengu. Sengu kwetu Wamatengo ni pale wanaume wa ukoo wanapokaa kula pamoja na kuyamaliza mambo yao hapo hapo. Penye wazee haliharibiki neno, hasa kama kuna nyama ya kitimoto. Walikula mpaka jioni, na mwishowe baba mkubwa akatamka uamuzi. Mti utabaki maadamu bibi yupo hai, na baba ataupa matunzo usiidhuru nyumba. Bibi akishaondoka, mti nao utaondoka. Walimwita wakamweleza kwa heshima zote.

"Kwa hiyo mnanisubiri," alisema bibi.

Baba mkubwa aliomba maji ya kunawa.

Baba alianza kuutunza mti kwa nguvu zote. Alipanda na panga akapogoa matawi yote aliyoyafikia, yaani yale ambayo hayakuwa na ubaya na mtu. Lile kubwa lililokaa juu ya chumba cha bibi alishindwa, maana kulikata kungeliangusha palepale alipopaogopa. Aliposhuka aliutazama mteremko. Mparachichi ulisimama upande wa juu wa nyumba, na Mmatengo akiona mteremko usiochimbwa hapati usingizi. Mvua, alisema, itakula udongo wa mizizi, na mti mzima utakuja kulala juu ya bati. Dawa ni ngolo.

Ngolo ndizo mashimo tunayolimia mahindi na maharage milimani. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, na kila mraba unabaki na shimo la kushika maji yasiteremke na shamba. Babu zetu waliilima milima hii hivyo, na milima bado ipo. Baba alilaza nyasi kuuzunguka mti wote. Mama nami tukachimba. Kila jembe liliposhuka lilikutana na vijizizi vyembamba kama nywele, tukavikata, tukaendelea. Yalikuwa mashimo mazuri kweli. Bibi alitutazama kutoka barazani na hakusema neno, nasi tukadhani amefurahi.

Masika yalipokuja, zile ngolo zilifanya kazi yake bila kosa. Ziliyashika maji yote, na mparachichi ukasimama humo wiki baada ya wiki, kama mtu aliyeambiwa aloweke miguu kisha akasahauliwa. Majani yakaanza kuwa ya njano. Baadaye matunda machanga, madogo kuliko ndimu, yakaanza kupukutika usiku na mchana. Juu ya bati ilikuwa kama mtu anamimina kokoto. Mwanzoni bibi aliyajibu yote. Karibu, karibu, karibu. Halafu sauti yake ikawa ndogo, na asubuhi moja matunda yalianguka bila kujibiwa.

Niliingia chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani ameelekea ukutani, na uji wake umeganda pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hao hawabishi hodi tena, mjukuu wangu. Wanaaga."

Niliogopa. Nilikuwa nimezoea bibi anayetutania, na huyu hakuwa akitania. Nikatoka kumwita baba, naye akaja akasimama mlangoni na kofia mkononi. Bibi hakugeuka.

"Mlipokuwa mnachimba nilinyamaza, kwa sababu wakubwa walisema uutunze, nami nikasema mwanangu anautunza. Lakini mti si mahindi. Umeukata midomo, ukaupa maji. Fukia."

Baba alikuwa na majibu mengi kuhusu ngolo. Nilimwona akiyapanga. Kisha akavaa kofia, akachukua jembe na kufukia mwenyewe, kwenye mvua, bila kumwita mama wala mimi. Alipasua mfereji kando ili maji yapite mbali na shina. Majirani walipita njiani, wakasalimia, wakasimama kidogo kuhakikisha wanachokiona, wakaenda kuwaeleza wengine. Mmatengo anayefukia ngolo zake mchana kweupe ni habari ya kuchangamsha gulio zima. Bibi alitoka akaketi barazani na blanketi, akamwelekeza pa kutandaza majani makavu, na akamaliza uji.

Mti ulichukua muda kumsamehe baba. Upande mmoja ulikauka moja kwa moja. Upande mwingine, ule wa tawi kubwa, ulichipua majani ya rangi ya shaba, na msimu uliofuata bibi akapata tena wageni. Aliwakaribisha miaka mingine kadhaa, kisha akafariki kitandani kwake, chini ya lile tawi, wakati wa kuchuma kahawa.

Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alikumbusha uamuzi wa sengu. Baba alisema anaukumbuka. Akamwita fundi wa misumeno kutoka mjini, mtu mpole, aliyekuja na kamba begani. Fundi aliuzunguka mti, akaugonga shina kwa kiganja, akasema ataanzia juu, na kwamba hadi jioni patakuwa peupe. Sisi tulikuwa barazani tunakula. Baba alimwitikia kwa kichwa tu.

Fundi alikuwa anafungua kamba wakati parachichi lilipoanguka. Lilipiga bati juu ya chumba cha bibi, likabingirika, likadondoka uani. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anasubiri, na kila mmoja alijua hakuna cha kusubiri. Mama aliinamisha kichwa.

"Karibu," alisema baba.

Alilisema polepole, akiutazama mlango wa kile chumba. Fundi aligeuka kuona nani amefika. Akatazama njia, akatazama kona ya nyumba, kisha akatutazama sisi, nasi tukatazama chakula.

"Fundi," baba alisema, "ukate ule upande uliokauka tu. Lakini njoo unawe kwanza, ule."

Fundi akaja, akanawa, akakaa. Tukaendelea kula. Tonge alilokuwa nalo baba tangu lile tunda lianguke lilipoa mkononi mwake, na hakulipeleka kinywani.