Mzinga Uliogeuzwa Hewani

Juzi mjukuu wangu, anayefundisha fizikia sekondari, alikuja kunisalimia hapa Itigi, akanionyesha kwenye simu roketi ikirushwa. Ilipanda wima, ikavuka mnara wake, kisha ikaanza kujizungusha taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani. Nikamrudishia simu yake.

"Hiyo imeharibika. Wanatuficha tu."

"Babu nawe, kila kitu unakishuku! Jukwaa linatazama upande mmoja, lakini safari zinaelekea pande nyingi. Ikishapata nafasi huko juu inajigeuza ikae sawa na njia yake. Baada ya hapo ni kuinama tu kuifuata, na antena zake ziwaelekee watu wa chini."

"Si waielekeze tangu chini?"

"Ulizungushe jukwaa zima, babu, zege na chuma?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Swali hilo la kuelekeza tangu chini, rafiki yangu, niliwahi kujiuliza nikiwa na miaka tisa hivi, na jibu nikajitungia.

Enzi hizo kichaka kilianza nyuma ya nyumba yetu, kimesongamana hata mbuzi alipenya kwa kulazimisha. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, tukisikia treni ikipiga honi, halafu baba alinituma kubandua magome ya kufungia mizinga. Nguo zetu zote zilinuka moshi. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, nyuki wakaihama mizinga yetu ya magogo. Bibi aligonga kila gogo kwa fimbo, akasikiliza, akaguna: "Nyuki hawaondoki bure. Kuna mtu anawavuta."

Kila mtu akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Jirani yetu alikuwa na mizinga upande wa mashariki. Siku moja nilimchungulia akiupandisha mzinga mtini kwa kamba. Ulipovuka vichaka tu, akauzungusha, mlango wa nyuki ukatazama magharibi, kwetu. Kwa nini hakuuelekeza tangu chini? Nikakimbia kumwambia baba. Na kwa kuwa baba alinisikiliza kama mtu mzima kwa mara ya kwanza, nikaongeza chumvi: nikasema nimemsikia jirani akiwaita nyuki wetu kwa mluzi.

Wazee walimwita. Alijieleza kwa upole: chini njia ni nyembamba, gogo halina pa kugeukia, juu ndiko kuna nafasi, na mlango lazima uupe upepo wa mashariki kisogo, la sivyo nyuki hawakai. "Na mluzi?" baba akamuuliza. Jirani akanitazama tu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwazima kamba wala kunywa maji kwake. Kabla ya masika alihamia Rungwa na mkewe.

Nilipokuwa kijana nilitundika mzinga wangu wa kwanza. Ulipovuka vichaka, mikono yangu yenyewe ikauzungusha, ukaupa upepo kisogo. Nilibaki nimeishika kamba, nikimkumbuka jirani. Hata hivyo sikumtafuta. Nilijiambia Rungwa ni mbali.

Baada ya mjukuu kuondoka nilipanda basi hadi Rungwa. Jirani alikwisha kufa. Mkewe, bibi kizee asiyeona vizuri, aliipokea shikamoo yangu na kunikaribisha kigoda. Nikamwambia yote, mluzi ule nikautaja kwa jina lake: uongo.

Alipapasa ukingo wa kanga. Nje palikuwa na mizinga ya mbao, ya kisasa, imepangwa chini. Magogo hayachongwi tena, na kwetu kile kichaka sasa ni mashamba ya alizeti. Walioketi siku ile kumhukumu mumewe wamekufa wote, nimebaki mimi.

"Ulikuwa mtoto, mwanangu," alisema mwishowe. "Mtoto tulimsamehe kabla hatujahama, tukiwa bado tunafunga mizigo."

Nikashusha pumzi. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Na ulipokua, ulikuwa wapi?"