Nakala ya Zambarau

Mama hakuwahi kuipenda michoro yangu. Mimi napaka rangi moja juu, nyingine chini, turubai zima, basi. Hakuna mtu, hakuna mti. Kila alipokuja kwangu Ilemela aliniuliza nitamaliza lini, nami nilikasirika kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza.

Kisha kisukari kikamwingia machoni. Sura za watu zilipotea kwanza, hata yangu. Akiwa amelazwa Sengerema alinipigia simu, akasema kila kitu kimekuwa ukungu, ila shuka jekundu la mgonjwa wa jirani bado analiona.

"Niletee ule mchoro wako wa zambarau," akasema. "Ule nitauona."

Nililia. Maisha yangu yote hakuwahi kuniomba mchoro, na huo, zambarau juu, nyekundu chini, nilikuwa nimeshauuza kwa mgeni, akaondoka nao. Nilibaki na picha yake tu kwenye flashi. Na daktari alikuwa ametuambia nuru iliyobaki inaweza kuzimika wakati wowote.

Nikakimbilia mjini, kwenye duka la kuchapa mabango. Nilimwambia fundi ni ya mama, naitaka kubwa, naitaka leo, nivuke nayo kwa feri hadi Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Alinitazama kwa huruma, hakuuliza kitu. Jioni akanifunulia kazi yake: zambarau yangu yote, na katikati maandishi ya dhahabu, "Pumzika kwa amani, mama yetu", chini yake duara jeupe la kuweka picha.

"Pole sana, dada," akasema. "Jina na tarehe utanipa niongeze."

Sikuwa na nguvu hata za kumtukana. Nani huku kwetu anachapisha rangi tupu isiyo na maneno, tena ya mama, tena kwa haraka, kama hana msiba? Nilipomwambia mama yu hai alishika kichwa, akalichana lile bango mwenyewe. Akageukia mashine aanze upya, umeme ukakatika. Ulirudi kesho yake mchana.

Kwenye feri nilikumbatia nakala yangu iliyoviringishwa, nikiona kama tumesimama palepale.

Nilimkuta mama ameketi kitandani. Nikampa shikamoo, nikaifungua nakala mbele yake, nikaisogeza mpaka ikakaribia kumgusa pua. Akanyoosha mkono akaipapasa, kona hadi kona. Mchoro wenyewe ulikuwa na rangi nene, tabaka juu ya tabaka. Kidole kingejua pale zambarau inapokutana na nyekundu. Nakala ilikuwa laini kama sahani.

"Mwanangu," akasema, "zambarau iko wapi?"

Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya karatasi, nikamwambia ni hapa. Ningeuweka popote, asingejua.