Harufu ya Stroberi kwenye Mashati ya Mume Wangu

Nilianza kumshuku mume wangu kwa pua. Tulikuwa tumehamia Misugusugu, Kibaha, sisi na watoto wetu, nyumba haijapakwa hata rangi, na kila aliporudi kutoka kazini Dar shati lake lilinukia stroberi. Haikuwa pafyumu niliyoizoea. Ilikuwa stroberi kabisa, kama pipi za watoto. Nilimuuliza mara moja tu.

"Ni sabuni ya mikono ya ofisini," akasema, akaingia bafuni.

Sabuni ya mikono inafikaje kwenye kola? Nikaanza kumwangalia. Simu ikiita, anatoka nje kuipokea. Ghafla akapenda kwenda hadi kituo cha Kwa Mathias kununua mkate, wakati duka lipo hapo hapo jirani, na akirudi ile harufu imekolea. Siku moja nilimfuata kwa bodaboda. Nilimkuta amesimama nyuma ya vibanda vya matunda, peke yake, mkono mfukoni. Nilirudi nyumbani bila kutulia. Nilijiambia kuna mwanamke, na ndiyo kwanza ameondoka.

Mambo yalifichuka Maneromango, kwa wazazi wangu. Tulikwenda kumjulia hali mama, ambaye kifua kilikuwa kimemsumbua. Baada ya chakula tukabaki sebuleni tukipiga soga. Mara ile harufu ikajaa chumba kizima. Nikageuka. Mume wangu alikuwa dirishani, ametupa mgongo, wingu jeupe limemzunguka kichwa. Mkononi ameshika kitu kama kalamu nene, chenye kijitaa cha bluu.

Mama akakohoa. "Mkwe, unavuta sigara humu ndani?"

"Hapana, mama. Hii siyo sigara. Ni vepu, inatumia umeme. Ni mvuke tu."

"Kama ni mvuke tu, mbona umetupa mgongo?"

Akaitia mfukoni. Baba alivuta sigara miaka mingi na hakuwahi kuiwasha mbele ya wakwe zake. Sasa alijifanya anatafuta rimoti ya televisheni.

Nilimvuta mume wangu hadi uani. Nilitaka kucheka na nilitaka kumzaba kibao.

"Kwa hiyo stroberi yote ile ni hii?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungesema nimerudia sigara. Nilikuapia nimeacha."

"Na ofisini? Wanakuruhusu?"

"Wapo wanaovuta mezani kabisa. Hakuna anayesema kitu. Si inanukia vizuri?"

Nikawafikiria hao wenzake wa ofisini, wamekaa kimya na pua zao, wakiona aibu kulalamikia kitu kinachonukia kama pipi. Huenda nao walikuwa wakijiuliza kuna nini ndani ya wingu lile. Mimi nilijiuliza, na yeye mwenyewe nilipomuuliza hakujua. Alisema muuzaji alimhakikishia kwamba haina madhara.

Alirudi ndani akamwomba mama radhi. Mama akampokea vizuri, akamwambia, "Hapa kwangu kuna kifua kibovu. Siku nyingine ukitaka kuvuta, niambie, nikuonyeshe pa kwenda." Kisha akaomba madirisha yote yafunguliwe.

Tukaanza safari ya kurudi Kibaha. Nilipaswa kufurahi kwamba hakukuwa na mwanamke. Lakini mtu aliyeweza kuficha wingu, nilijisemea, anaweza kuficha nini kingine? Tulikubaliana asivute ndani, wala kwenye gari, wala mbele ya watoto. Sasa anavutia getini, akitazama barabara kama mlinzi. Kwa sehemu kubwa anatimiza.

Juzi jirani yetu, mama mmoja mpole aliyehamia karibuni kutoka mikoa ya bara, aliniita ukutani kwa sauti ya chini.

"Jirani, samahani. Mumeo anafukiza nini pale getini kila jioni?"

Nikamweleza yote: ya umeme, mvuke, ladha ya stroberi. Alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa taratibu. Akasema haya, asante. Kisha akaingia ndani, na nikasikia akifunga madirisha ya upande wetu, moja baada ya jingine.