Tepu Iliyoungua

Kuna Jumamosi moja ya usichana wangu ambayo kila nikiikumbuka nakasirika, na wiki hii nimeikumbuka kila siku. Mwanangu Brenda, keti usome. Na nyinyi wengine mliocheka pamoja naye, someni pia. Mimi shule niliiachia darasa la nne na mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini haya sikutaka mtu aniandikie. Nilitaka uone ni mkono wangu.

Ulichofanya unakijua, ila wacha nikiandike, asije mtu akasoma akadhani mzee amekasirika bure. Neema, mjukuu wangu kama wewe, anaolewa baada ya wiki mbili. Gauni lake nalishona mimi, hapa nyumbani kwangu Umoja, kwa cherehani niliyoachiwa na mama yangu. Moshi wa jaa la taka la Dandora ukigeukia upande huu nafunga madirisha na kuifunika satini kwa shuka mbili, kisha nanawa mikono upya kama daktari. Hivyo ndivyo ninavyolitunza.

Jumamosi iliyopita Neema alilivaa ili tulijaribu. Zipu ikapanda mpaka kiunoni, ikakwama. Navuta, haiendi. Wewe umekaa kwenye kochi langu, chai yangu mkononi, ukainua simu.

"Aki Neema, keki umeanza kuila kabla ya harusi ama?"

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, sikatai. Halafu nikainama, nikatazama vizuri, nikasema, "Kumbe ni bitana. Zipu imeuma bitana, kitambaa hiki cha ndani. Hili ni kosa langu mimi, tumbo la mtu halina neno." Ulinisikia, Brenda. Ulikuwa karibu nami kuliko cherehani. Lakini video uliyotuma kwenye grupu ya harusi, ile yenye wakwe ndani, inaishia kwa keki. Kabla ya bitana ukakata.

Tangu siku hiyo Neema hajakanyaga kwangu. Amesema ataazima gauni mjini. Mama ya bwana arusi amempigia simu mama yake kuuliza, eti kwa upole tu, kama kuna jambo wanalofaa kujua. Na wewe nilipokuita ukaniambia, "Shosho, wacha presha. Ilikuwa kucheka tu. Nitaifuta."

Mimi ni Mbukusu, kwetu bibi ni kukhu, lakini nyinyi wa Umoja mmeniita shosho tangu mjifunze kuongea, nimezoea. Hilo neno la kufuta ndilo sikulizoea. Sikukujibu siku ile kwa sababu mdomo wangu ulijaa, na nilichojaa nacho ni aibu yangu mwenyewe ya miaka mingi. Sasa nakutolea.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za reli, baba akiwa mfanyakazi wa karakana, chumba kimoja na jikoni ya kushiriki na jirani. Mdogo wangu Nafula, huyo bibi yenu mwembamba anayekuja Krismasi na mkoba mkubwa, alikuwa amepata mchumba, kijana aitwaye Wafula. Mimi ndiye mkubwa na sikuwa na mchumba hata wa kusingiziwa. Nataka ulishike hilo, maana mama yangu alilishika kabla yangu.

Mama ndiye alikuwa fundi wa nyumba. Alimpima Nafula, akaandika kwenye daftari, akakata satini, na mishono ya ubavuni akaipitisha yote. Kisha akaenda Bungoma kuita wazee wa harusi, akaniachia kazi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa makasi yake. Majirani wakaanza kuniita fundi, nami nikaanza kutembea kama fundi.

Jumamosi ile akaja shangazi ya Wafula, ambaye kwa Kibukusu tunamwita senge, senge Rosa, na wanawake wawili, kuangalia gauni limefika wapi. Senge kwetu si mgeni wa chai na mandazi. Senge akikataa, harusi imekataa. Nilitaka waone kazi. Nikamsimamisha Nafula katikati ya chumba, nikamzungushia tepu kiunoni, nikaita kwa sauti kama kondakta:

"Ishirini na tisa!"

Nikafungua daftari la mama. Lilisema ishirini na sita. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Mwezi uliopita ilikuwa ishirini na sita! Nafula, unakula unga ya nani?"

Wale wanawake wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Unajua raha ya kuchekesha watu, Brenda, usijifanye hujui. Ni raha tamu na inalevya. Senge Rosa hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Pima tena."

Nikapima. Ishirini na tisa.

"Wafula yuko Eldoret kwa kazi ya mbao tangu lini?" akauliza, kisha akajijibu kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kila kidole mwezi mmoja. "Basi huyo mtoto ni wa upepo?"

Nafula alinigeukia. Aliniangalia mimi, wala hakumwangalia senge. "Nekesa," akasema, "sema kitu."

Nami nikasema, "Tepu haidanganyi."

Sasa ngoja nikuambie kuhusu hiyo tepu. Ilikuwa ya kitambaa, ya mama, na miaka mingi nyuma mwanzo wake uliungua kwa pasi ya makaa. Inchi tatu za kwanza hazikuwepo. Ilianzia kwa namba tatu. Ukimzungushia mtu wa ishirini na sita, utasoma ishirini na tisa. Mama alikuwa anapima, anatoa tatu, anaandika. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Siku ile, kwa kutaka kuonekana, nikasahau.

Na kama ningekuwa nimesahau tu, nisingekuwa nakuandikia. Watu husahau. Sikiliza sehemu mbaya. Wageni walipoinuka, nilitandaza gauni mezani nipime ni kiasi gani cha kuachia ubavuni. Nikashika mwanzo wa tepu, kidole kikagusa pale palipoungua, pagumu kama ukoko wa ugali. Nikajua. Saa hiyo hiyo nilijua. Senge Rosa alikuwa bado nje kwenye mfereji wa maji akinawa mikono, namsikia akiongea na wenzake. Ni hatua kumi kutoka mlangoni. Ningetoka niseme, "Senge, rudi, nimepima vibaya," wangenicheka kidogo na yangeisha.

Sikutoka. Nilifikiri, watasema fundi gani huyu hajui kutoa tatu. Na kwa sababu nimezeeka nitasema na lingine: kulikuwa na kona ndani yangu iliyofurahi. Yule mdogo aliyenipita, leo amepata aibu kidogo, basi na aionje. Nikachukua wembe, nikafumua mishono ya mama, nikaliachia gauni inchi tatu ili lifanane na uongo wangu.

Siku nne, mwanangu. Siku nne nilikaa na ukweli mdomoni kama mtu aliyemeza mfupa. Siku ya pili senge alirudi, akampeleka Nafula kliniki. Walimpitisha katikati ya nyumba za reli mchana kweupe, mwanamke huku na mwanamke kule, kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na watu wamesimama milangoni. Nami nilikuwa mlangoni. Daktari akambonyeza tumbo, akasema hakuna kitu. Senge akasema madaktari wa mji huu husema wanachoambiwa, na kwamba harusi ingoje mpaka tumbo lenyewe liseme. Nafula aliporudi alilala akiangalia ukuta. Hakulia. Afadhali angelia.

Mama alifika siku ya nne na unga wa Bungoma kichwani. Alimsikiliza Nafula mpaka mwisho bila kukaa. Akamwambia avae gauni. Likaning'inia kiunoni kama gunia kwenye kijiti. Mama akaangalia gauni. Akaangalia tepu juu ya cherehani. Akaniangalia mimi.

"Ulitoa tatu?"

Nikainama kuokota uzi sakafuni.

"Nekesa, nakuuliza. Ulitoa tatu?"

"Nilisahau, mama."

"Ulisahau mpaka lini?"

Hilo swali, Brenda, halijawahi kunitoka. Mpaka lini. Hakuniuliza kwa nini. Alijua kwa nini, ndiyo maana nimekuambia ushike lile la mchumba. Nilianza kusema nimeshindwa kulala, nimejuta, akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Hukumwaibisha siku ya kupima. Siku ya kupima ulikuwa mjinga tu. Umemwaibisha kila siku uliyojua ukanyamaza. Chukua tepu."

Tukaenda kwa senge Rosa, Shauri Moyo, kwa miguu, mama mbele bila kuongea. Akamtaka senge aite wale wanawake wawili wa siku ile. Walipokaa, mama akaniambia nimpime senge mwenyewe kiuno mbele yao. Nikampima kwa ile tepu iliyoungua, nikaita namba. Kisha kwa tepu nzima ya jirani yake, nikaita namba. Tofauti inchi tatu.

"Senge, na wewe?" akasema mmoja wa wale wanawake. "Huyo naye ni wa upepo?"

Walicheka wakatoka machozi. Mimi nilisimama na tepu mbili mkononi, nikasema kwa mdomo wangu kwamba nilijua kabla hawajamaliza kunawa mikono kwenye mfereji, na nikanyamaza. Hapo hawakucheka tena. Senge Rosa alijifunga leso yake vizuri, akasema harusi iko. Kisha akanigeukia mimi. Aliniangalia tu, na afadhali angenipiga.

Unadhani yakaisha? Wale watatu waliujua ukweli. Lakini utani wangu ulikuwa umeshapanda hadi mtaa wa Jericho, umeshuka hadi Makongeni, na huko hakuna aliyepeleka tepu. Ukweli ulienda nyumba moja. Kicheko kilienda kote.

Nikarudisha mishono, unywele mmoja nje ya mstari wa mama, maana pale pake satini ilikuwa imechoka. Sasa, kwa wewe usiyeshona: satini ikifumuliwa, matundu ya sindano hayajifungi. Yalibaki mistari miwili kila ubavu, midogo lakini mwanga ukipiga unaiona. Nikamwambia Nafula nitaifunika kwa shanga, nitakesha nikitia shanga. Akasema, "Wacha yaonekane. Wataniangalia tumbo hata hivyo. Wakiangalia, waone na kazi yako."

Akaolewa hivyo. Na waliangalia. Mtoto wake wa kwanza alikuja baada ya miaka miwili na bado kulikuwa na watu waliohesabu vidole. Mpaka leo nguo zake anashonewa na watu baki. Nami ndiye dada yake, nimeshonea nusu ya mtaa. Akija Krismasi ananikumbatia, naam, ananicheka, ananiletea majani ya chai, lakini ule mkoba huwa kati yake na mimi, pale pale kiunoni. Nyinyi hudhani ni uzee. Mkoba ule haujawahi kusogea.

Kwa hiyo usiniambie utafuta. Nasikia hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Unafuta nini? Imetoka kwa simu yako, imeingia kwa wangapi? Kosa langu la bitana ningelibeba mwenyewe, lilikuwa kosa la mezani, la dakika moja. Wewe ulisikia ukweli ukaukata kwa kidole ili utani ubaki mtamu. Nakuuliza alichoniuliza mama yangu. Jumamosi ulikuwa unacheka. Jumapili je, Neema alipozima simu? Jumatatu, mama mkwe alipopiga? Umecheka mpaka lini?

Nasaha zangu si nyingi. Mtu anayesimama mbele yako bila nguo amekuamini kuliko anayekupa funguo za nyumba. Unachoona hapo, hata kama ni kweli, si chako cha kuchekeshea watu. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, ukimbilie ukweli wakati wageni bado wako kwenye mfereji. Urudi kwa watu wale wale, mmoja mmoja, kwa mdomo ule ule uliotumia. Kuomba msamaha chumbani kwa aliyeumia tu, huku waliocheka wameachwa na kicheko chao, ni kujipangusa wewe mwenyewe.

Jumamosi hii wakwe wanakuja kwangu. Mbuzi atatoka soko la Kiamaiko asubuhi. Nimemtumia Neema ujumbe kwamba aje, na kwamba hatavaa chochote asipotaka. Gauni litakuwa mezani, limegeuzwa ndani nje, na pale bitana ilipoumwa na zipu sijaparekebisha. Nimepaacha. Mimi nitasimama nionyeshe na niseme ni mkono wangu. Kisha utasimama wewe, useme ulisikia nini na ulikata wapi. Simu iache kwenu. Mdomo uje nao.

Nimekukasirikia na bado nitakukasirikia kesho, lakini wewe ni damu yangu na sitaki uzeeke ukikumbatiwa kwa mkoba. Mungu akupe miguu ya kufika Jumamosi. Akupe sauti isiyokatika katikati. Na siku yako wewe ikifika, umesimama na mikono juu katikati ya chumba, akuletee fundi anayejua kutoa tatu, na kunyamazia anachoona.